Mgomba Uliofungwa Kitenge

Murusagamba,
9 Februari 2025

Shangazi Deodata,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni na moshi unaniumiza macho, kwa hiyo ukiona doa la maji hapa juu usidhani nalia. Sisi huku tunaendelea. Mama kifua kimemwachia kidogo, anakusalimu sana na anauliza kama ile blauzi umeimaliza. Baba yupo. Maharage tumevuna, si mabaya, na Leonidasi amekuja na Fuso lake kuyapakia. Anasema yeye si posta, ila barua zako anazibeba kwa sababu unamshonea suruali vizuri.

Migomba ndiyo imetutoa machozi. Mnyauko umeingia tangu Krismasi, watu wa kilimo wakaja wakasema tukate yote tufukie. Tumekata, Shangazi. Ukisimama mlangoni sasa unaona mpaka barabarani. Umebaki mmoja tu, ule wa kule chini kwenye kaburi. Huo hauna hata doa, na una mkungu mkubwa ambao kama kawaida hakuna ruhusa ya kuula.

Sasa sikia. Unamkumbuka Yuster wa Nyamiaga, niliyesoma naye hapo Biharamulo? Yule uliyekuwa unamwita Mdomo Mrefu siku za kututembelea bwenini. Amepata wakala Mwanza anayepeleka wasichana Riyadh, kazi za nyumbani, mkataba miaka miwili. Ameniunganisha. Pasipoti yangu imeshatoka na ndege ni Jumanne tarehe 17 Juni. Bado sijasema ndiyo ya mwisho. Naogopa. Mchana naona ni bahati, nikilala naota nimefungiwa chumba kisicho na dirisha.

Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuishi huko. Hujawahi kunisimulia hata siku moja. Niambie basi. Jua lake likoje, watu wakoje, niende au nisiende? Simu hutaki kuisikia, haya, nimeandika.

Halafu jambo jingine dogo. Kila mtu akiandika barua huanza kwa kusema hali yake. Wewe huanza na hali ya kuku. Safari hii anza na wewe.

Mwanao,
Claudia

*

Biharamulo,
2 Machi 2025

Claudia,

Marahaba. Kuku wanataga. Ndiyo, nimeanza na kuku, utafanya nini? Mmoja amekwenda kuatamia chini ya cherehani yangu na sasa nashona sare za shule miguu nikiwa nimeikunja. Blauzi ya mama yako imekwisha, ninampa Leonidasi pamoja na barua hii. Mwambie mama yako aache kukaa jikoni kwenye moshi na wewe uache kuandikia huko.

Pole kwa migomba. Nililia kidogo niliposoma hapo, na mimi silii ovyo.

Kuhusu Riyadh. Kuna joto. Chukua nguo za pamba, za nailoni zitakubandika mwilini. Chukua mafuta ya kupaka midomo. Maji kunywa hata kama huna kiu.

Baba yako amesemaje? Ngoja, usiniandikie alichosema. Alichosema nakijua. Niandikie alichofanya baada ya kumwambia.

Mimi shangazi yako,
Deodata

*

Murusagamba,
16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Blauzi imemkaa Mama kama alizaliwa nayo, Jumapili kanisani aligeukageuka makusudi ili watu wamwone. Mvua zimeanza kwa fujo. Leonidasi ameapa hii ni safari yake ya mwisho mpaka barabara ikauke, kwa hiyo naandika haraka huku anapiga honi.

Jamani, nakuuliza maisha unanijibu mafuta ya midomo! Unanificha nini? Ulikaa huko miaka mitano, Mama ndiye aliyeniambia, na wewe umeniandikia mistari minne.

Baba nilimwambia tukiwa tunapukuchua maharage. Alisema, "Sawa." Akamaliza yaliyokuwa kwenye ungo, akanyanyuka, akaenda kule chini kwenye kaburi. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama tu. Hakupalilia, hakuomba, alisimama mpaka mvua ikamnyeshea. Hicho ndicho alichofanya. Kwa nini uliniuliza? Umenitia baridi, Shangazi.

Na lile kaburi ni la nani? Mama husema ni la ndugu yetu aliyefia mbali, basi. Halina jina msalabani. Mgomba ulioota juu yake nani aliupanda? Nilipokuwa darasa la pili nilikula ndizi mbivu moja iliyoanguka pale. Baba alinichapa, hajawahi kunichapa tena maishani, halafu akakaa chini akalia yeye badala yangu. Nimekua nalipita kaburi hilo kila siku nikienda kuchota maji na silijui.

Yuster ametangulia, aliondoka tarehe 4. Amenitumia sauti kwenye simu, anasema ukifungua mlango mchana ni sawa na kufunua sufuria ya ugali usoni. Anacheka, lakini si kicheko chake.

Honi imezidi. Nijibu yote.

Claudia

*

Biharamulo,
6 Aprili 2025

Claudia,

Vifaranga wanane wametoka, mmoja kilema. Mvua hapa imeng'oa bati mbili za soko, yangu imebaki.

Kaburi usiliulize. Ungekuwa hapa ningekufinya. Kuna mambo ambayo mtoto anayaacha kwa wakubwa, na hilo mojawapo.

Umetaka jua, haya nikupe jua. Nyumba ilikuwa ya ghorofa na kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kuanika nguo juu ya paa. Unaanika shuka ya kwanza, ukifika ya sita ile ya kwanza imekauka ngangari. Kitasa cha mlango wa paa ni cha chuma, nilikifungua kwa mkono mtupu siku moja tu. Bomba la maji ya baridi linatoa maji ya moto. Upepo ukija unakuja na mchanga, unaukuta kwenye meno, kwenye unga, ndani ya kitabu cha sala. Mwaka mzima nilisikia mvua mara moja, nikapiga magoti jikoni ninuse udongo. Haukunuka. Na ukichungulia dirishani adhuhuri humwoni binadamu. Magari tu. Unaweza kudhani watu wote wamekufa umebaki wewe, au wewe ndiye uliyekufa.

Hapo naacha.

Sikukatazi kwenda na sikutumi. Wapo waliokwenda wakarudi wanene wenye furaha, siwezi kusema uongo. Lakini ukienda, sikiliza ninachokuambia: kila Jumapili sauti yako isikike pale nyumbani. Huna la kusema, piga ukohoe. Wakikunyima simu, kimbia wiki ya kwanza kabla hujazoea kunyimwa. Usipitishe Jumapili mbili. Unanisikia, Claudia? Mbili ni nyingi.

Leonidasi hajaja. Barua hii itakaa chini ya cherehani mpaka njia ipitike.

Deodata

*

Murusagamba,
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili imenifikia jana. Sita mwezi wa nne mpaka leo! Leonidasi anasema daraja dogo lilizolewa na Fuso lilikwama siku nane, akawa anakula maharage ya watu mabichi. Ningeipata mapema sijui kama ningefika hapa nilipofika, maana nimeshatia sahihi mkataba.

Nilitia sahihi tarehe 2. Siku mbili baadaye Yuster akapotea. Simu haiiti. Leo siku ya kumi na nne, na Jumapili mbili ulizosema zimepita. Mama yake huko Nyamiaga hali, hanywi. Wakala anasema tuwe na subira. Nimempigia mpaka nimeichukia sauti ya yule dada wa mtandao.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu leo. Ni Baba.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kitenge changu cha njano, kile ulichonipa nilipomaliza kidato cha nne. Nikakikuta kimekatwa pembeni, kipande cha upana wa kiganja, kwa kisu. Nikamgombeza mdogo wangu bure. Juzi nimeteremka kuchota maji, nikakiona. Kimefungwa kwenye mgomba. Si ule mkubwa wa kaburini, hapana. Kuna chipukizi limeota hatua mbili kutoka kaburini, limefika kiunoni mwangu. Limefungwa kitenge changu shingoni, mafundo mawili, na pembeni udongo umetifuliwa upya.

Nilisimama pale ndoo kichwani nikashindwa hata kuitua. Nilipomuuliza Mama uso ulimbadilika, akasema, "Andikia shangazi yako. Mimi niliapishwa." Baba akinipita hanitazami. Jana nilimwona anakwenda kule chini na jembe alfajiri.

Shangazi, namwogopa baba yangu mzazi. Naogopa kubaki na naogopa kwenda. Ni mwezi mmoja tu umebaki. Nakusihi. Nani yuko kwenye lile kaburi?

Claudia

*

Biharamulo,
25 Mei 2025

Claudia mwanangu,

Nimempa Leonidasi barua hii mkononi nikamwambia akilala nayo njiani sitamshonea tena hata kifungo.

Aliye kwenye lile kaburi ni mimi.

Soma tena kama hujaelewa, kisha kaa chini. Mama yako amefunga mdomo miaka yote hii kwa sababu alitakiwa kuufunga. Mimi nilifunga wangu kwa aibu. Leo nafungua.

Nilikwenda Riyadh mwaka 2005. Baba yako Fideli ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Alinunua simu, ya kwanza pale kilimani, ili nimpigie. Niliikariri namba yake. Miezi miwili nilipiga. Kisha mama mwenye nyumba akachukua simu na pasipoti akaziweka kabatini, tukahamia nyumba nyingine, na mimi nikawa wa ndani tu, sitoki. Hawakunipiga. Chakula nilikula. Niliandika barua mbili nikampa aziposti, nikaja kuzikuta miaka baadaye kwenye droo, chini ya vitambaa vya chai. Miaka mitatu na nusu hakuna aliyesikia pumzi yangu. Kwanza nililia, kisha nikazoea. Kuzoea ndiko kulikonitisha zaidi.

Sasa ujue desturi ya kwetu. Mtu akipotea mbali, akangojwa mpaka kungoja kukachosha, wazee wanakata mgomba, wanauvika nguo ya aliyepotea, wanauzika mahali pake. Wanafanya matanga, watu wanaendelea kuishi. Bibi yako Nyirabahizi alivuka mpaka kutoka Rwanda akiwa msichana, na nduguze wengi waliobaki ng'ambo walizikwa hivyo, kwa migomba. Mwaka 2008 wakanizika mimi. Waliuvika kitenge changu cha bluu. Nadhani waliung'oa na shina badala ya kuukata, ndiyo maana ulichipua.

Mwaka 2009 mwanamke wa paa la jirani alinirushia simu yake. Nilipiga ile namba. Fideli akapokea. Nikasema, "Fideli, ni mimi Deodata." Nikasikia mbuzi nyuma yake, Claudia, mbuzi wa nyumbani. Kisha akasema, "Deodata tulimzika. Wewe uliyechukua sauti yake tuache." Akakata. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nilirudi 2010, waliponipa pasipoti yangu na tiketi. Nilipanda kile kilima na begi langu. Wanawake waliokuwa mtoni walikimbia wakaacha ndoo. Baba yako alisimama njiani, ameshika jembe. Sijui kama alitaka kunipiga au alitoka nalo shambani tu. Akasema aliyezikwa hapiti mlangoni mpaka mkono uliomzika umfukue, na mkono huo ni wa mama, na mama amekufa Pasaka. Ndivyo nilivyojua kwamba mama yangu amekufa. Niligeuka na begi langu mpaka Biharamulo, na hapa nipo.

Ndiyo maana siandiki hali yangu. Niandike nini? Kwetu nina kaburi.

Kile kitenge chako kwenye chipukizi sijui maana yake na sitaki kukudanganya. Mimi hawakunichagulia mgomba mapema hivyo. Nimeogopa kama wewe. Muulize baba yako mbele ya mama yako, mchana, mlango ukiwa wazi. Kisha ndipo uamue habari ya ndege.

Shangazi yako

*

Murusagamba,
18 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, nakupa zote ambazo sijakupa. Sote tuko salama. Ngoja nikueleze kwa mpango maana mkono unakwenda mbio.

Barua yako ilinifikia tarehe 3. Nilikaa nayo siku tisa. Niliibeba kwenye nguo yangu ya ndani, nikapika nayo, nikaenda nayo misa, sikuthubutu. Yuster naye akapiga tarehe 11! Simu yake ilidondoka kwenye beseni la kufulia akakaa bila laini, akikopa ya wenzake wakimnyima. Yuko sawa, anasema amenenepa na joto limemzoea. Mama yake alicheza ngoma peke yake uani. Nikajua kwamba pengine na mimi ningekwenda nikarudi salama. Nakuambia ukweli, hilo halikuniondolea woga.

Alhamisi, saa nane mchana, mlango wazi kama ulivyosema, nikamwekea Baba barua yako mezani. Nikamwambia, "Baba, mgomba wangu unauandaa wa nini?" Mama alisimama nyuma yangu, ameshika mwiko.

Aliisoma yote. Baba anasoma polepole, unajua, kwa kidole. Alipofika kwenye mbuzi, kidole kikasimama. Akasema, "Alisikia mbuzi?" Kisha akalia, Shangazi, mpaka Mama akaweka mwiko chini.

Lile chipukizi hakuliandaa la kuzika. Alisema, "Dada alipoondoka sikuwa na kitu cha kumngojea nacho. Nilitazama simu mpaka ikaniua moyo. Huyu nikasema nimchagulie mgomba wake, niutifulie kila asubuhi, niuone umesimama, nisije nikazika tena mtu mzima." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa kulitaja kaburi.

Kisha akasema jingine, na hili nimekatazwa kulipunguza. Bibi hakukuzika. Bibi alijifungia ndani siku ile akapiga kelele kwamba mtoto wake hajafa, kwamba nduguze wa ng'ambo aliwatoa wazikwe lakini huyu hamtoi. Aliyechimba ni Baba. Aliyeuvika mgomba kitenge ni Baba. Ulipopiga simu alidhani ni mzimu, na uliporudi kwa miguu yako aliona aibu kuliko hofu. Kukufukua kungekuwa kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba alimzika dada yake aliye hai, na kwamba mama yao alikufa akimwambia hivyo. Akamsingizia marehemu. Mkono ulikuwepo miaka yote kumi na mitano.

Jumapili nilitakiwa kupanda basi la Mwanza. Begi lilikuwa mlangoni. Sikupanda. Usiniite shujaa, niliogopa tu. Niliogopa kumwachia mtu huyu kungoja kwingine. Wakala ametukana vizuri sana, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Huenda nitajuta mwakani, mvua ikikataa na tumbo likilia. Leo sijuti.

Jana, Jumanne tarehe 17, saa ile ndege inaondoka, mimi nilikuwa chini ya shamba na Baba. Majirani walikuja wakasimama mbali. Alichimba yeye mwenyewe, hakukubali nimpokee jembe. Aliangusha mgomba, akafuata mizizi mpaka udongo mwekundu. Tumekuta uzi wa bluu kidogo na kitana chekundu cha plastiki kilichong'oka meno mawili. Kumbe walikuzika na kitana chako. Nimekiosha, kimo ndani ya bahasha hii. Baba aling'oa msalaba akaupasua kuni. Alipomaliza aliwageukia majirani akasema kwa sauti, "Dada yangu hakuwahi kufa. Nilikosea." Akarudia mara tatu, ya tatu haikutoka vizuri.

Ule mkungu tumeutundika jikoni. Baba anasema hatauonja mtu mpaka ufike. Anasema pia nikuandikie kwamba mlango ni uleule wa mbele. Yeye hathubutu kuandika.

Utakuja?

Claudia

*

Biharamulo,
22 Juni 2025

Claudia,

Niko hai. Nina miaka hamsini na nne, goti la kushoto linaniuma, macho yameanza kukataa kutunga uzi. Leo asubuhi nimechana nywele kwa kitana changu. Kuku sijui, sijawatazama.

Naogopa kuliko siku niliyopanda ndege. Jangwa lilinichukua miaka mitano, lakini ile njia ya kupanda kilima ndiyo ninayoiota. Naota nafika na wanawake wanakimbia. Naota mbuzi wananikimbia. Nimefungasha begi mara tatu na kulifungua mara tatu, mpaka jirani yangu Jovitha akanicheka.

Umefanya vizuri kukaa, na ungekwenda ningekuombea vilevile. Ukija kutaka tena kwenda mahali, tutazungumza mdomo kwa mdomo.

Jumamosi napanda Fuso la Leonidasi, mbele, siyo juu ya magunia, nimeshamwambia. Wanawake wa mtoni wajulishwe mapema wasivunje ndoo. Fideli asimame palepale aliposimama ile siku, lakini mwambie jembe aliache ndani. Nataka nimwone mikono mitupu.

Na zile ndizi zipikeni kabla sijafika. Nitakula mimi wa kwanza, mbele ya majirani, ninyi wote mnitazame nikitafuna.

Deodata